Mbio za mwisho kwenye bakgamoni: nafasi zako uzihesabu kwa njia gani?

Wakuu, hii ni kwa mtu ambaye bakgamoni anaijua, kete zake zimeshapishana na za mpinzani, kugongana hakuna tena, zimebaki mbio tupu za kuingiza nyumbani na kutoa nje, afu mpinzani anamsukumia dadu ya dau na kumkodolea macho. Unakubali mchezo uendelee kwa dau mara mbili au unaachia? Njia za kupiga hiyo hesabu zipo nyingi, kila mtu anaapa kwa yake, na anayeanza anabaki hajui ashike ipi. Hapa naziweka pamoja tuzione.

Tukubaliane kwanza tunazipima kwa vigezo gani. Mimi natumia vinne:

- Inakula muda na akili kiasi gani ukiwa umekaa mezani.
- Inafaa mbio zikiwa ndefu, za kati, au zimebaki kete mbili tatu.
- Inakupa nini mkononi, asilimia ya kushinda au jibu la "pandisha / kubali / achia" tu.
- Inayumba wapi. Zote zinayumba mahali, hata ile ya kompyuta ina masharti yake.

Na kipimo kikubwa cha kukumbuka ni asilimia 25. Chukua michezo minne inayofanana, ukiachia yote unapoteza 4. Ukikubali yote na kushinda mmoja tu, unapoteza mitatu kwa dau la 2, yaani 6, unapata 2, jumla umepoteza 4 vilevile. Kwa hiyo robo ndo mpaka. Mbio zikiwa ndefu unaweza kukubali hata ukiwa na kama 22, sababu dadu ya dau inakuwa yako na unaweza kuipandisha tena mambo yakigeuka. Hii ni kwa michezo ya dau la kawaida, kwenye mechi ya kufikia alama fulani, alama mlizo nazo wakati huo zinabadilisha mpaka wote, hiyo ni mada nyingine kabisa.

Kuhesabu mitupo 36 moja kwa moja

Dadu mbili zina mitupo 36. Unahesabu ni mingapi inakumalizia, unagawa kwa 36, basi. Hakuna makadirio humu, ni jibu lenyewe, na ndo maana naiweka mwanzo ingawa wengi wanaikimbia wakidhani ni ya kitoto.

Cheki hii. Umebaki na kete mbili na ni zamu yako, mpinzani ana kete mbili kwenye pointi 1 (nafasi ya mwisho kabla ya kutoka nje), yaani zamu yake ikifika kamaliza. Una hatua 7 zimebaki, yaani jumla ya nafasi ambazo kete zako zote zinatakiwa kusogea mpaka zitoke. Sasa hizo 7 zimekaaje? Zikiwa pointi 6 na pointi 1, mitupo inayokumalizia ni 15, asilimia kama 42. Zikiwa 4 na 3 ni 17, asilimia 47. Zikiwa 5 na 2 ni 19, karibu 53. Hatua zilezile saba! Na hapa ukiwa juu ya 50 unatakiwa upandishe dau, kwa sababu ndo mtupo wako wa mwisho, ukishinda unabeba mara mbili na mpinzani hapati nafasi ya kukurudishia. Kwa hiyo kwenye 5 na 2 unapandisha, kwenye zile mbili nyingine unatulia. Mtu anayehesabu hatua tu hawezi kuona tofauti hii hata akodoe macho vipi.

Ukiona umebakiwa na kete moja pointi 6, mitupo inayokutoa ni 27, asilimia 75 kamili, na mpinzani ana ile robo yake kamili, akubali au aachie ni sawasawa. Pointi 5 ni mitupo 31, pointi 4 ni 34. Hizi namba zishike kichwani, zitakusaidia kuliko fomula yoyote.

Ugumu unaanza zikihitajika zamu mbili. Hapo unaunganisha: wewe na mpinzani wote mna 5 na 2, zamu ni yako. Unamaliza sasa hivi mara 19 kati ya 36, ukikosa (17 kati ya 36) mpinzani naye anaweza kukosa 17 kati ya 36, afu unamaliza wewe. Jumla inakuja karibu asilimia 75, toa kidogo kwa zile mara chache ambazo hata zamu ya pili unakwama. Ukienda zamu tatu kila upande mti wa hesabu umeshakuwa msitu, achana nao.

Kete zikiwa zote zimelala pointi 1 lakini, mambo yanarudi kuwa mepesi, maana kinachobaki ni dabo tu (dadu mbili zikifanana unacheza namba hiyo mara nne, zinatoka kete nne badala ya mbili). Kila mmoja ana kete 4 pale, mwenye zamu anashinda asilimia 86. Kete 6 kila mmoja ni karibu 79, na 8 kila mmoja ni 74 na nusu hivi. Ina maana kwenye kete 6 ukipandishiwa unaachia, kwenye 8 unakubali. Hayo hayahitaji hesabu ukishayajua.

Inamfaa nani? Kila mtu, ila kwa kete chache tu. Tofauti na nyingine zote, hii haikosei isipokuwa wewe mwenyewe umesahau mtupo, na mitupo inayosahaulika sana ni zile dabo ndogo. Dabo ya 2 inatoa kete za pointi 4 na 3 zote mbili, wengi hawaioni.

Hatua na asilimia: 8, 9, 12

Ndo ya zamani na ndo wengi tunaanzia. Hesabu hatua zako na za mpinzani, chukua tofauti, ilinganishe na hatua za mwenye zamu. Ukiongoza kwa asilimia 8 pandisha, kama dadu ya dau unayo wewe tayari subiri ifike 9, na mpinzani anakubali hadi 12. Una 100 na yeye 110, unaongoza kwa 10, pandisha na yeye akubali. Akiwa na 113 aachie.

Uzuri wake ni wepesi, na kwenye mbio ndefu, tuseme 70 kwenda juu, inakaribia sana ukweli. Asilimia ya kushinda haikupi, inakupa uamuzi tu. Na kadiri mbio zinavyofupika ndivyo inavyozidi kupotoka. Walter Trice alitoa sheria nyingine ya kushika mbio fupi: mwenye zamu akiwa na 62 au chini, toa 5 kwenye hatua zake gawa kwa 7 tupa desimali, ndo idadi ya hatua ambazo mpinzani anaweza kuwa nyuma na bado akakubali. Ukizidi 62, asilimia 10 ya hatua zako ongeza 1. Kupandisha ni hatua 3 kabla ya mpaka huo, kupandisha tena ni 2 kabla. Kwenye 100 inakupa 11 badala ya 12, wala hawagombani sana.

Lakini zote mbili zina kasoro ileile ya 6 na 1 dhidi ya 5 na 2: zinachukulia kete zimekaa vizuri. Zikikaa vibaya, zimerundikana pointi 1 na 2, hatua zinaonekana chache kumbe safari bado ndefu. Inamfaa anayeanza, na yeyote ambaye mbio zake ni ndefu na kete hazijarundikana. Mimi mbio zikiwa juu ya 80 sihangaiki na kitu kingine.

Hesabu za kurekebisha: Thorp na Keith

Hizi zinakubali kwamba hatua zinadanganya, kwa hiyo zinaongeza adhabu. Nimeziweka pamoja kwa sababu watu wanaochagua huwa wanakwama kati ya hizi mbili.

Thorp (ndiyo, huyuhuyu Edward Thorp, mwanahisabati wa kuhesabu karata za blackjack) anafanya hivi: chukua hatua, ongeza 2 kwa kila kete iliyobaki ubaoni, ongeza 1 kwa kila kete iliyo pointi 1, toa 1 kwa kila pointi ya nyumbani iliyo na kete. Hesabu ya mwenye zamu ikizidi 30 iongeze asilimia 10. Pandisha kama yako haizidi ya mpinzani kwa zaidi ya 2, pandisha tena kama haizidi kwa zaidi ya 1, na mpinzani aachie kama yako iko chini ya yake kwa zaidi ya 2.

Keith (Tom Keith) anaadhibu mkao zaidi kuliko idadi. Pointi 1, kila kete inayozidi moja ongeza 2. Pointi 2, kila inayozidi moja ongeza 1. Pointi 3, kila inayozidi tatu ongeza 1. Afu kila pengo kwenye pointi 4, 5 na 6 ongeza 1. Mwenye zamu anaongeza moja ya saba ya jumla yake, desimali unatupa. Pandisha kama umemzidi mpinzani kwa 4 au pungufu, pandisha tena kwa 3 au pungufu, na yeye akubali kama umemzidi kwa 2 au zaidi.

Kwa kasi, ukizizoea zinalingana. Thorp ina hesabu nyingi za kujumlisha lakini asilimia 10 ni rahisi kwa kichwa, Keith adhabu ni chache (mara nyingi unakuta sifuri) ila kugawa kwa saba kunamtesa mtu aliyechoka. Zote zinatoa uamuzi bila asilimia. Zote ni za mbio za kati, kete nyingi ziko nyumbani, hatua kama 30 hadi 60 au 70. Thorp inayumba pale upande mmoja una kete nyingi kuliko mwingine, adhabu ya 2 kwa kila kete ni kubwa, inamfanya mwenye zamu awe mwoga. Keith inayumba mwishoni kabisa kete zikiwa nne tano, pengo moja linahesabika sawa iwe una kete 12 au 4, jambo ambalo haliingii akilini.

Thorp inamfaa anayependa kujumlisha mfululizo bila kufikiria mkao. Keith inamfaa anayeweza kutazama ubao na kuona mapengo kwa haraka. Mimi naegemea Keith, ila najua watu wanaonichapa kwa Thorp.

Kleinman: ukitaka asilimia yenyewe

Ukishazoea uamuzi wa ndiyo au hapana kuna siku utataka kujua una asilimia ngapi hasa, labda kwa sababu uko kwenye mechi na mpaka wako sio 25. Danny Kleinman alitoa kanuni: chukua tofauti ya hatua (za mpinzani toa zako), ongeza 4, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa jumla ya hatua zote mbili ukitoa 4. Zile 4 zinatokana na kwamba zamu ni yako, na kuwa na zamu ni kama nusu mtupo, wastani wa mtupo mmoja ukiwa hatua 8 na moja ya sita.

Jibu likiwa 0.5 una kama asilimia 69. Likiwa 1 una 76. Likifika 1.2 una 78 na mpinzani anaachia. Likiwa 2 una 84. Kupandisha ni kuanzia 0.44, kupandisha tena 0.61. Jaribu na 100 kwa 112: tofauti 12, ongeza 4 ni 16, 16 mara 16 ni 256, gawa kwa 208, unapata 1.23. Imekubaliana karibu kabisa na ile asilimia 12, na hii ndo raha yake, unaona sheria za mkato zilipotoka.

Tatizo ni kuzidisha na kugawa mezani huku mtu anagonga vidole. Afu inatumia hatua ghafi, kwa hiyo mkao mbaya unaidanganya vilevile, na kete zikibaki chache haifai tena, maana imejengwa juu ya mitupo mingi. Inamfaa mcheza mechi, na mtu anayejifunza nyumbani akitaka kuelewa badala ya kukariri. Wengine wanaiingizia hesabu zilizorekebishwa za Keith (kabla ya ile moja ya saba) badala ya hatua ghafi. Sio kanuni rasmi lakini naona inasaidia.

Hesabu ya hatua halisi

Hii nayo ni ya Trice. Badala ya kuuliza nina hatua ngapi, unauliza kwa wastani nitahitaji mitupo mingapi, afu unazidisha kwa 8 na moja ya sita. Namba inayopatikana siku zote ni kubwa kuliko hatua zako, na tofauti hiyo ndo upotevu, yaani zile hatua za dadu zinazokwenda bure ukitumia 6 kutoa kete iliyoko pointi 2.

Kete zikikaa vizuri upotevu ni kama 7 au 8. Zikirundikana pointi 1 kuna kanuni tamu: mitupo inayohitajika bila dabo, mara 7, ongeza 1. Kete 10 pointi 1 ni mitupo 5, hatua halisi 36. Yaani ubaoni una hatua 10, lakini 26 zinapotea! Mpinzani mwenye hatua 28 zilizopangika vizuri yuko sawa na wewe, na mtazamaji asiyejua atakwambia umeshashinda zamani.

Kwa mikao ya ajabu hii ndo inayokuambia ukweli kuliko zile za juu. Bei yake ni kukariri, maana katikati ya rundo la pointi 1 na mkao mzuri kuna mikao kibao na kila mmoja una upotevu wake, unaujua kwa mazoezi tu. Na ukishapata namba mbili bado unahitaji hatua nyingine ili ujue upandishe au la. Inamfaa aliyekwisha kucheza sana na ana subira ya kusoma, anayeanza namshauri achukue ile kanuni ya mara 7 ongeza 1 peke yake kwanza.

Kompyuta

GNU Backgammon ni ya bure na inakuja na hifadhi ya majibu ya mwisho wa mchezo. Kete zako zote 15 zikiwa nyumbani au zimetoka, mikao inayowezekana ni 54,264 tu, yote imeshapigiwa hesabu ya uwezekano wa kumaliza kwa mitupo mingapi. Na kwa kete 6 au pungufu kila upande kuna hifadhi ya pande mbili, 924 mara 924, mikao 853,776, majibu kamili pamoja na dadu ya dau. Hapo hakuna ubishi tena.

Ile hifadhi ya kwanza, ya upande mmoja, ina kaupungufu, inachukulia kila mtu anatoa kete zake kwa namna ileile bila kujali mpinzani yuko wapi, lakini athari yake ni ndogo mno. Kikwazo kikubwa ni kwamba mezani huruhusiwi, na mtu anayebofya kila pozisheni akapata 76.3 bila kujiuliza kwanini, wiki ijayo anakosea palepale. Ni ya kujisahihisha baada ya mchezo.

Tuziweke kwenye ubao mmoja

Wewe una kete 10: mbili pointi 6, mbili pointi 5, mbili pointi 4, moja pointi 3, moja pointi 2, mbili pointi 1. Hatua 37, zamu yako. Mpinzani ana 9: mbili pointi 6, tatu pointi 5, mbili pointi 4, mbili pointi 3. Hatua 41.

Asilimia: unaongoza kwa 4 juu ya 37, karibu 11, pandisha hata mara ya pili, akubali. Trice: 37 toa 5 gawa 7 ni 4, mpinzani yuko nyuma 4, pandisha, yuko ukingoni kabisa wa kukubali. Thorp: yako 53, ukiongeza asilimia 10 ni 58.3, yake 55, umemzidi kwa 3.3, usipandishe kabisa! Keith: 39 ukiongeza 5 ni 44, yake 41, umemzidi 3, pandisha hata tena, akubali. Kleinman kwa hatua ghafi: 64 gawa 74 ni 0.86, kama asilimia 74. Kwa hesabu za Keith 39 na 41: 36 gawa 76 ni 0.47, asilimia 69 tu.

Mnaona. Zote zinakubaliana kwamba mpinzani akipandishiwa akubali, ugomvi uko kwako wewe unayepandisha, na chanzo chake ni kete ya kumi na zile mbili za pointi 1. Njia inayoziona sana (Thorp) inaogopa, isiyoziona (asilimia) inajiamini, zingine zinakaa kati.

Sasa ushike ipi

Mbio juu ya 70 au 80 na kete bado zinaingia nyumbani: asilimia 8, 9, 12, usijitese.

Kete zote ziko nyumbani, zimebaki 8 hadi 15, mkao wa kawaida: Keith au Thorp, chagua moja ukae nayo, kubadilisha kila wiki kunakuchanganya tu.

Kuna rundo pointi 1 au 2 upande wowote: hatua halisi, hata kama unakadiria tu upotevu.

Zimebaki kete mbili au tatu: mitupo 36, na usitumie fomula yoyote hata kama umechoka.

Uko kwenye mechi na mpaka wako sio robo: Kleinman, maana sheria zingine za mkato hazikupi asilimia ya kulinganisha.

Umemaliza mchezo na mnabishana: kompyuta.

Na kama hata kuhesabu hatua bado unakosea kwa 3 au 4, anza na hapo kwanza, maana kwenye mbio za 40 kosa la hatua 3 linafuta tofauti yote iliyopo kati ya Thorp na Keith, hutajua hata ni ipi iliyokuangusha.